Shajara ya mradi: mbao za msonobari kwenye ukuta wa saruji, chumba cha Mama, Tanga

16 Septemba 2023. Tumeanza

Ukuta wa chumba cha Mama unaotazama kusini-mashariki umekuwa ukimwaga unga mweupe tangu niko shule ya msingi. Tunapaka rangi, miezi sita haijaisha inabanduka kama ganda la kitunguu. Kitanda kiko upande huohuo, na hakuna pa kukihamishia kwa sababu kuta nyingine zina mlango, dirisha na kabati. Mama ana pumu. Kila asubuhi anakung'uta shuka, na vumbi analolikung'uta ndilo alilolala akilivuta.

Nimeamua kuuvika ukuta mbao. Upana ni mita 3.6, nami nataka kimo cha kama mita 1.4 kutoka sakafuni, yaani juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa kitandani. Ubao wa futi 12 unafika ukuta mzima bila kiungo. Nimechukua msonobari wa inchi 1x6 usiotiwa dawa. Zile mbao zenye rangi ya kijani zinazouzwa kwa ajili ya paa zina shaba, kromiamu na arseniki, na sitaki arseniki sentimita 30 kutoka puani mwa mama yangu. (Kama unazo nyumbani, vipande vilivyobaki usivitie jikoni kupikia. Moshi na majivu yake ni sumu.)

Kazi imechukua siku mbili. Papi za 2x2, yaani fito za kushikilia mbao, zimepigiliwa wima, moja kwa moja ukutani, kwa misumari ya zege, kila baada ya sentimita 60. Juu yake mbao zimelazwa na kubanwa ubavu kwa ubavu, ya chini ikikaa juu ya sakafu. Kwa mbele tumepaka vanishi mikono mitatu. Chumba kinanukia msitu na Mama amefurahi sana.

Gharama: mbao 12 kwa 9,000 kila moja ni 108,000. Papi nne 18,000. Misumari 6,000. Vanishi 24,000. Fundi siku mbili 50,000. Jumla Sh 206,000.

12 Novemba 2023. Mbao zinapinda

Mvua za vuli zimepiga kwa nguvu mwaka huu. Juzi nilipitisha kiganja ukutani nikahisi mawimbi. Kila ubao umekunja kingo zake kuja chumbani na katikati umebonyea, mfano wa mfereji wa bati. Mbao tatu za chini zimekuwa na weusi unaozunguka kila msumari, na ukiinama karibu na sakafu unasikia harufu ya gunia lililolowa.

Kilichotokea kinaeleweka ukikitazama kwa utulivu. Mbele nimepaka vanishi, nyuma nimeacha wazi. Uso wa nyuma umekunywa unyevu wa ukuta na kutanuka, wa mbele umebaki ulivyo, basi ubao hauna budi kujikunja. Na kwa kuwa nilizibana bila nafasi, zilipotanuka zilisukumana.

Nimeagiza kipima unyevu chenye sindano mbili, Sh 48,000. Niliona ni anasa. Nilipaswa kukinunua kabla ya ubao wa kwanza.

26 Novemba 2023. Tumefungua, na nimefanya kosa kubwa kuliko la kwanza

Tumebandua mbao zote. Nyuma kulikuwa na ukungu wa kijivu hadi ubao wa nne. Kipimo upande wa nyuma kilisoma asilimia 27 kwenye ubao wa chini na 19 kwenye ubao wa juu kabisa. Weka namba hizi kichwani: ubao unaokaa kwenye hewa yetu ya pwani, bila kuguswa na maji, hutulia kwenye asilimia 14 hadi 17 hivi. Fangasi wanaoozesha mbao huanza kupata nguvu ukipita 20. Yaani ubao wangu wa chini ulikuwa tayari chakula chao.

Papi ya pembeni, ile iliyogusa sakafu, ilikuwa na njia ya udongo ya mchwa. Nilipoigusa kwa bisibisi, ncha ilizama kama naichoma mkate.

Hapo nikafanya mambo mawili kwa pigo moja. Kwanza, kwa ushauri wa watu wengi ninaowaheshimu, nikapaka oili chafu nyuma ya mbao na kwenye papi zote ili kumfukuza mchwa. Pili, nikatandaza nailoni nzito ukutani kabla ya kurudisha papi, nikaibandika kwa utepe juu, chini na pembeni, ili maji ya ukuta yasifike kwenye mbao tena. Nilikwenda kulala nikiamini nimemaliza.

Gharama: nailoni mita tano na utepe 15,500. Oili chafu lita tano 5,000. Fundi siku moja 25,000. Jumla Sh 45,500.

23 Desemba 2023. Tumebomoa kila kitu

Oili chafu haikauki. Hili liandikwe kwa wino mzito. Wiki nne baadaye ilikuwa bado inanata, imepenya kwenye vifundo vya ubao na kutokea mbele chini ya vanishi, ikaacha mabaka ya kahawia. Vanishi ikaanza kubanduka mahali hapo. Lakini hayo ni ya macho tu. Harufu ndiyo iliyonivunja moyo. Mama alivumilia siku tano bila kusema, kisha usiku mmoja nikasikia pampu yake ya pumu mara tatu mfululizo. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, mimi nitalala sebuleni kwanza, usijisumbue." Amelala sebuleni tangu siku hiyo, na mimi ndiye niliyemtoa chumbani kwake. Sitaki mtu mwingine amfanyie mzazi wake hivyo, ndiyo maana naandika. Oili ya injini iliyotumika ina metali na masalia ya mafuta yaliyoungua. Haina nafasi ndani ya chumba cha kulala, hata kama kwenye nguzo za uzio inasifiwa.

Kuhusu nailoni: tulipoifungua, matone yalikuwa yamejipanga upande wa ukuta kama jasho kwenye chupa ya maji baridi, na chini kabisa, pale ilipokunjwa, kulikuwa na kijito kinachotosha kujaza kikombe. Papi zilikuwa zimelowa kupitia matundu ya misumari, maana kila msumari ulitoboa nailoni. Na juu ya mbao, kwenye ukuta ambao mwezi wa tisa ulikuwa mkavu, rangi ilikuwa imeanza kuvimba. Maji yaliyozuiwa kutokea chini yalipanda kutafuta pa kutokea.

Mbao zilizopakwa oili haziingii chumbani tena. Zimekwenda banda la nje.

6 Januari 2024. Kutafuta maji yanakotoka

Nilikwenda mtaa wa Ngamiani kwa mzee mmoja seremala ambaye ujanani alifanya kazi ya kukarabati majumba ya Mji Mkongwe, Unguja. Nilimwamkia, nikamweleza yote bila kuficha. Hakunijibu kwa maneno. Aliinuka, akaleta kipande cha boriti ya mkoko chenye urefu wa mkono mmoja, akanipa nikishike.

Upande mmoja ulikuwa mgumu, mwekundu, kucha haiingii. Upande wa pili, kama shubiri moja kutoka kichwani, ulikuwa umegeuka vipande vidogo vya mraba vinavyobanduka kwa kidole, mithili ya andazi lililodumbukizwa kwenye chai.

"Huku mwisho ndiko kulikokuwa ndani ya ukuta," akasema. "Boriti mia moja nimezitoa, zote ugonjwa ni huu. Katikati ya chumba zinapopigwa na upepo, nzima. Kichwa kilichomezwa na ukuta, kimekwisha. Wewe umeulaza ubao wako mzima ukutani, kisha ukaufunga sanda ya nailoni."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: maji yanatoka wapi? Nilikuwa nimetumia Sh 251,500 kupambana na maji ambayo sikujua yanaingilia wapi.

Nikarudi nyumbani, nikachukua jembe. Nimepata njia tatu.

Ya kwanza iko uani. Nyumba ilipojengwa, mafundi walipanga mkanda mweusi wa kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza ya ukuta, yaani safu ya kwanza ya matofali. Upo, nimeuona kwa macho yangu, mzima kabisa. Ila sakafu ya uani tumekuwa tukiiongeza mwaka hadi mwaka, kifusi juu ya kifusi, saruji juu ya saruji, mpaka imepita ule mkanda kwa kozi nzima na zaidi. Udongo wenye maji unagusa tofali juu ya kinga. Mkanda ni kama haupo.

Ya pili ni bomba la gata, lile linaloshusha maji ya paa. Kiwiko chake kimepasuka kwa nyuma, upande usioonekana, na kila mvua ya kusi inamwaga maji ukutani badala ya chini.

Ya tatu sikuitegemea. Fundi mwashi niliyemwita alikwangua ule unga mweupe, akaulamba. "Chumvi," akasema. "Lipu hii imepigwa kwa mchanga wa baharini." Chumvi iliyomo ndani ya lipu huvuta maji hewani hata siku isiyo na mvua, kama kopo la chumvi jikoni linavyolowa masika bila kumwagiwa kitu. Ukuta wa namna hii hauwezi kukauka kwa kupakwa rangi, wala kwa kuzibwa.

23 Januari 2024. Kazi ya ukuta, hakuna mbao bado

Kwa kifupi, maana ni kazi ya kawaida: vibarua wamekata sakafu ya uani kwa upana wa sentimita 30 kando ya ukuta, wakachimba hadi chini ya ule mkanda mweusi, mtaro ukapewa mteremko kuelekea barabarani na kujazwa kokoto. Kiwiko cha gata kimebadilishwa. Ndani, lipu imebomolewa kwa nyundo na tindo hadi mita 1.2, kwa kuwa mstari wa chumvi ulikuwa umefika sentimita 80 na mwashi alitaka kuupita. Matofali yamesuguliwa kwa brashi ya waya yakiwa makavu. Usiyaoshe, maji hurudisha chumvi ndani.

Lipu mpya: saruji kipimo kimoja, chokaa kimoja, mchanga wa mto sita. Chokaa ni sharti la yule mzee. Lipu yenye chokaa hupitisha mvuke, haijifungi kama ya saruji tupu, na kuta za Mji Mkongwe zimesimama kwa chokaa.

Kosa dogo hapa: mchanga ulipofika niliupokea bila kuujaribu. Mwashi alichukua konzi moja, akaitia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaonja. Ulikuwa sawa. Lakini kama usingekuwa sawa ningekuwa nimerudisha chumvi ileile ukutani kwa pesa yangu mwenyewe.

Gharama: mwashi siku tatu 90,000. Saidia fundi 45,000. Saruji mifuko mitatu, kwa 17,000, ni 51,000. Mchanga na chokaa 40,000. Vibarua wa mtaro 40,000. Gata 35,000. Jumla Sh 301,000.

Siku hiyohiyo nimenunua mbao mpya kumi, 9,500 kila moja. Zilisoma asilimia 24 dukani, ingawa muuzaji aliapa ni kavu. Nimezipanga sebuleni zikiwa na vijiti katikati ya kila safu ili upepo upite, na mawe mazito juu ili zisipinde. Mama analala katikati ya mbao na kochi, hajalalamika.

10 Februari 2024. Jaribio la nailoni, limefeli

Nailoni ina kazi moja nzuri: kupima. Nimekata kipande cha sentimita 45 kwa 45, nikakibandika kwenye lipu mpya kwa utepe pande zote nne, nikakiacha kuanzia jioni hadi jioni ya pili. Nilipokifungua kulikuwa na ukungu wa maji ndani na lipu chini yake ilikuwa na rangi nzito kuliko jirani yake. Bado. Hii haikunitisha, ukuta mpya una maji yake ya kuchanganyia. Kaskazi inavuma, jua ni kali, madirisha yako wazi mchana kutwa. Tunasubiri.

Nilitamani sana kuanza, masika yako karibu. Fundi seremala naye aliniambia, "Bosi, tupige tu, itakaukia hukohuko." Ndivyo tulivyosema mwezi wa tisa.

25 Februari 2024. Kuzipa mbao kinga yake

Mbao zimeshuka hadi asilimia 15.

Dawa niliyochagua ni boraksi na asidi ya boriki. Huwazuia mchwa, dumuzi na fangasi, haina harufu. Boraksi nilihangaika kuipata kwenye maduka ya ujenzi, kumbe iko kwa wauzaji wa vifaa vya masonara, wao huitumia kuunganishia dhahabu. Asidi ya boriki nimepata duka la kemikali. Nimechanganya gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki katika lita tano za maji ya moto, nikakoroga mpaka maji yakawa maangavu, nikapaka mikono miwili ikiwa bado na joto. Vaa glavu, na weka mbali na watoto na sufuria za kula.

Jambo moja la kuelewa: dawa hii huyeyuka kwenye maji. Ubao ukipigwa na maji yanayotiririka, inaondoka nayo. Kwa hiyo inafaa tu baada ya kuuponya ukuta, na haiwezi kuwa badala ya kuuponya.

Vichwa vya mbao nimevipa mikono minne, si miwili. Kichwa cha ubao ndipo inapoishia ile mirija midogo sana ambayo mti ulipandishia maji ukiwa hai. Hunywa haraka kuliko uso wa ubao kwa mbali sana. Nilipopaka mara ya kwanza, nilihesabu hadi nane na kichwa kilikuwa kikavu tena. Ubavuni, dawa ilikaa iking'aa dakika nzima.

Baada ya siku tano za kukauka, mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono mwembamba, nyuma na mbele sawasawa, na vichwa. Pande zote! Ubao hupinda kwa kuonewa upande mmoja. Kazi hii imefanyika barazani na mbao zitabaki huko wiki tatu hadi harufu iishe kabisa, kwa ajili ya kifua cha Mama. Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Hujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Mimi nimevitandaza kwenye kamba nje, kimoja kimoja, kisha nikavizamisha kwenye maji.

2 Machi 2024. Jaribio la pili limepita

Saa 24, nailoni kavu, lipu rangi moja. Nimerudia pembeni karibu na sakafu, kavu pia. Ni wiki sita kasoro siku tatu tangu niandike kuhusu lipu mpya.

16 Machi 2024. Kufunga mbao

Papi safari hii ni za mtiki wa Muheza, unene wa sentimita 2.5, nimechagua kiini tu, ile sehemu ya kahawia. Mtiki unasifiwa kuwa hauozi, lakini sifa hiyo ni ya kiini. Ule ukingo mweupe unaliwa kama mti wowote. Muuzaji alinipa vipande viwili vyenye weupe nikavirudisha.

Papi hazigusi ukuta. Nimekata bomba la maji la plastiki la nusu inchi kuwa pete za urefu wa milimita 20. Skrubu ya milimita 100 inapita kwenye papi, inapita ndani ya pete, inaingia ukutani kwenye plagi ya plastiki. Papi inakaa juu ya pete tatu, na nyuma yake upepo unapita huru kutoka sakafuni hadi juu. Plastiki haipandishi maji kama ambavyo kipande cha mbao au karatasi ngumu kingefanya.

Tulikosea mwanzoni: pete 12 za kwanza tulizikata kwa kukadiria, nyingine 18, nyingine 22, na papi zikayumba. Pimamaji ilituumbua. Tukatengeneza kalibu: kipande cha ubao, kizuizi mwisho mmoja na mfuo wa msumeno kwa milimita 20. Pete zote zikawa ndugu.

Mbao zimelazwa kwa kuachana nafasi ya unene wa kijiti cha kibiriti, maana masika zitatanuka tu, hata zikiwa na dawa na mafuta. Ubao wa chini uko milimita 25 juu ya sakafu. Kwa juu nimeweka kijirafu cha Mama cha kuwekea redio na tasbihi, ila hakifiki ukutani, nimeacha upenyo wa milimita 20 urefu wote. Chini na juu nimebana wavu wa mbu, la sivyo ule uwazi ungekuwa nyumba ya mbu na mende.

Skrubu ni za stenlesi. Jioni tulipungukiwa, zikabaki nafasi tisa kwenye ubao wa chini, duka limefungwa. Fundi alikuwa na zile nyeusi za jipsamu mfukoni. Nikasema sawa.

Gharama: papi za mtiki 70,000. Mbao mpya 95,000. Skrubu 40,600. Boraksi na asidi 22,000. Mafuta ya kitani 36,000. Bomba 6,000. Wavu 5,000. Fundi siku tatu 75,000. Jumla Sh 349,600.

Mama amerudi chumbani tarehe 17.

12 Mei 2024. Masika

Mwaka huu mvua hazikuwa na utani, na mwanzoni mwa mwezi huu ziliambatana na taarifa za Kimbunga Hidaya, kilichotua kisiwani Mafia tarehe 4. Sisi tuko mbali na Mafia, lakini wiki ile nilikuwa napima kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Kabla ya masika mbao zote zilisoma 15. Wiki ya tatu ya Aprili, 16 juu na 17 chini. Asubuhi ya tarehe 6 Mei ubao wa chini ulisoma 18, ndicho kipimo cha juu kabisa hadi leo. Vijiti vya kibiriti haviingii tena kwenye nafasi za chini, maana yake mbao zimetanuka na zimepata pa kutanukia. Nimepitisha kiganja kama mwezi wa kumi na moja. Hakuna wimbi hata moja.

Mtaro wa kokoto ulifurika mara moja kwa sababu majani ya mwarobaini yaliziba mdomo wake barabarani. Maji yalisimama hapo usiku mzima, na nadhani ndiyo ile 18. Nimeweka chekeche ya waya mdomoni na kijana wa jirani anausafisha kila Jumamosi.

11 Agosti 2024. Tumefungua ubao mmoja kuangalia

Nilijiwekea nadhiri ya kufungua ubao wa chini kabla ya kumwambia mtu yeyote aige kazi hii. Leo nimeufungua.

Nyuma ni safi. Rangi ya mafuta ya kitani imekolea kidogo, hakuna ukungu, hakuna njia ya mchwa, kipimo ni 15. Ukuta nyuma yake mkavu, lipu haimwagi unga. Papi za mtiki kama zilivyowekwa.

Skrubu tisa nyeusi zote zimeshika kutu. Kila moja ina mchirizi mweusi unaoshuka kwenye ubao, na mbili zilikatika vichwa nilipozifungua. Zile za stenlesi zilizo jirani nazo, kwenye ubao huohuo, zinang'aa. Nimetoa zote tisa, visiki viwili nikavichomoa kwa koleo, nikaweka stenlesi kwenye matundu mapya kando yake na kuziba ya zamani kwa vijiti vya mtiki. Sh 1,800 za ziada na asubuhi nzima, kwa sababu ya jioni moja ya uvivu.

Hesabu yote hadi leo, bila hizo 1,800: majaribio mawili yaliyofeli 251,500, kipima unyevu 48,000, ukuta 301,000, mbao 349,600. Jumla Sh 950,100. Kwa bei za 2023 na 2024, anayefuata njia hii bila kupitia makosa yangu angetumia kama 698,600 kwa ukuta wa ukubwa huu, na karibu nusu ya hizo hazihusu mbao kabisa.

Kilichobaki: kipande cha lipu ya zamani juu ya mita 1.2, upande wa dirisha, kimeanza tena unga kidogo, upana wa sahani. Hakigusi mbao. Mwashi anakuja Alhamisi kukibomoa kabla ya vuli, na safari hii tunapanda hadi lenta. Mama ameniuliza kama ubao uliobaki unaweza kutosha kabati la jikoni. Ukuta wa jikoni una bomba la maji ndani yake. Nimebandika kipande cha nailoni pale jana jioni.